Moto Ulipohamia Ukutani: Moshi na Nyumba za Uingereza ya Zama za Kati



Historia ya majengo ya Ulaya ya Zama za Kati inapofundishwa, kwa kawaida huanza na makanisa makuu: Chartres, Canterbury, Köln. Sina ugomvi nayo. Lakini watu hawakuishi kanisani. Walipika, walilala, walizaa na kufia katika nyumba ambazo moto uliwashwa katikati ya sakafu, na juu ya moto huo hapakuwa na dohani. Jioni hii nawaomba tuufuate moshi wa moto huo nchini Uingereza, kuanzia karne ya 12 hadi ya 17, tuone nani aliukimbia na nani aliachwa nao. Hoja yangu ni kwamba dohani ndiyo iliyomtenga kabaila na watu wa nyumba yake, na kwamba aliitaka kwa ajili hiyo kwanza. Joto lilikuwa nyongeza.

Penshurst, katika jimbo la Kent, bado upo ukumbi uliojengwa na John de Pulteney, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa meya wa London mara nne. Kazi ilianza mwaka 1341 hivi. Ni jengo la fahari: kuta za mawe, madirisha marefu, paa la mbao lililo juu mno hata mgeni hulazimika kuinua shingo. Na katikati ya sakafu, mpaka leo, pana meko yenye pembe nane. Moshi ulipanda wenyewe mpaka kwenye tundu la paani, ukatoka ulipojisikia kutoka.

Hapo pana fumbo. Pulteney hakukosa fedha, wala mafundi wake hawakukosa ujuzi. Karne mbili kabla yake, mnamo 1140, waashi wa ngome ya Hedingham katika jimbo la Essex walikwisha kujenga meko ndani ya unene wa ukuta, na njia za moshi zinazotokea nje kwa pembeni. Mchoro maarufu wa abasia uliohifadhiwa St. Gallen, Uswisi, wa mwaka 820 hivi, unaonyesha chumba cha watawa cha kuotea moto chenye njia yake ya kutolea moshi. Ujuzi ulikuwapo, basi. Kwa nini tajiri wa London akubali macho yawashe?

Jibu liko katika mpangilio wa ukumbi wenyewe. Upande mmoja palikuwa na jukwaa la chini, na juu yake meza ya bwana. Upande wa pili, nyuma ya kiambaza cha mbao, palikuwa na milango: mmoja wa chumba cha pombe, mwingine wa chumba cha mikate, na njia ya kwenda jikoni. Jiko lenyewe mara nyingi lilijengwa mbali kidogo kwa hofu ya moto. Kati ya jukwaa na kiambaza walikaa wengine wote, kila mtu kwa cheo chake: karani, wapiganaji, watunza farasi, vijana wa kazi, wageni. Waliokula humo mchana, wengi wao walilala humo usiku juu ya magodoro ya majani makavu. Ukitaka kujua mtu ana heshima kiasi gani, uliangalia amekaa wapi.

Nisieleweke vibaya. Ukumbi ule haukuwa mkutano wa ndugu walio sawa. Kula pamoja kulikuwa njia ya kutawala: bwana aliwaona watu wake, nao walimwona. Mwaka 1240 hivi, Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln, alimwandikia mke wa hayati kabaila wa Lincoln kanuni za kuendesha nyumba na mashamba. Alimshauri ale ukumbini mbele ya watu wake, na akakataza chakula kuliwa mafichoni na vyumbani, kwa kuwa desturi hiyo huleta ubadhirifu na haimletei bwana wala bibi heshima yoyote. Askofu hakatazi jambo lisilotendwa. Watu walikwisha kuanza kujitenga. Zaidi ya karne moja baadaye, mshairi William Langland, katika shairi lake la Piers Plowman, alilalamika kwamba matajiri wameuacha ukumbi na kwenda kula peke yao katika chumba chenye dohani, ili wawakwepe maskini. Angalieni alichokitaja. Hakutaja mazulia wala vyombo vya fedha. Alitaja dohani, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokiwezesha chumba cha faragha kuwa na moto wake.

Hapa ufundi na jamii vinakutana. Moto wa katikati ya sakafu unadai nafasi yote iliyo juu yake. Huwezi kujenga ghorofa juu ya moshi. Uhamishie ukutani, uupe dohani, na papo hapo umepata chumba cha juu. Na mwenye chumba cha juu ana ngazi, ana mlango, na ana namna ya kumwambia mtu asipande.

Sasa tuwaendee wakulima, ambao ndio walikuwa wengi kuliko wote. Wharram Percy ni kijiji cha Yorkshire kilichohamwa na watu wake, na wanaakiolojia walikichimba kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990. Nyumba zake zilikuwa ndefu na nyembamba, zimebebwa na jozi za miti iliyopinda kukutana juu, na katika baadhi ya nyumba hizo ng'ombe walilala upande mmoja chini ya paa lile lile. Madirisha hayakuwa na vioo. Palikuwa na vibao vya kufungua na kufunga kulingana na upepo.

Tusidhani watu hao walikuwa wakikohoa tangu asubuhi hadi usiku. Moto wa kuni kavu, chini ya paa refu, hutandaza moshi juu ya vichwa vya waliokaa. Ndiyo maana viti vyao vilikuwa vifupi. Moshi ulikausha nyama ya nguruwe iliyotundikwa, ulifukuza wadudu, ulihifadhi nyasi za paa. Yeyote kati yetu aliyekulia nyumba ambayo mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya mafiga hahitaji kuelezwa zaidi. Gharama hata hivyo ilikuwapo. Mifupa ya makaburi ya Wharram Percy ina alama za maradhi ya muda mrefu ya mianzi ya pua. Na ilipolinganishwa na mifupa ya maskini wa mji wa York, wa mjini walionekana wameathirika zaidi: kwao moshi wa nyumbani ulichanganyika na wa wahunzi, wachoma chokaa na watengeneza ngozi. Mwaka 1257 Malkia Eleanor, mke wa Henry III, alilazimika kuondoka Nottingham kwa kushindwa kuvumilia moshi wa makaa ya mawe. Malkia aliweza kuondoka.

Masizi hayo, kwa bahati njema, ni nyaraka. Katika jimbo la Devon, waezekaji walikuwa na mazoea ya kutobandua nyasi za zamani. Waliongeza tabaka jipya juu ya lililochakaa. Kwa hiyo zipo nyumba ambazo tabaka la chini kabisa ni la Zama za Kati, jeusi kwa moshi, na wataalamu wa mimea wamekuta humo masuke ya ngano za aina ambazo hazilimwi tena, pamoja na magugu ya mashamba yale. Boriti nazo husema. Ukipanda kwenye dari ya nyumba ya kale ya Kent na kukuta makombamoyo yamepakwa masizi, utajua chini yake palikuwa na ukumbi wa moto wazi, hata kama leo ni vyumba vitatu vya kulala.

Nyumba nyingi za namna hiyo zilizosalia si za makabaila. Ni za wakulima waliojiweza baada ya Tauni Kuu ya 1348 na 1349. Vifo vilileta uhaba wa vibarua, na ujira ukapanda ingawa sheria ya 1351 ilijaribu kuuzuia. Waliobaki hai walipata mashamba makubwa zaidi, na baadhi yao walijenga kwa mbao nzito zilizochongwa na maseremala wa kulipwa. Walijenga nini? Ukumbi wa moto wa katikati, wenye upande wa juu na upande wa chini, kama wa kabaila lakini mdogo. Kwangu hiki ndicho kichekesho kikubwa cha habari hii: mkulima aliupata ukumbi wakati bwana ameanza kuuhama.

Mnamo karne ya 16, matofali ya kuchoma yalipopatikana kwa urahisi zaidi, dohani zikafika vijijini. William Harrison, kasisi wa Radwinter katika jimbo la Essex, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walishangazwa na wingi wa dohani zilizojengwa katika siku zao. Yeye mwenyewe hakufurahi. Aliamini moshi wa zamani uliimarisha mbao za nyumba na kuwakinga watu na mafua. Kitabibu alikosea, ila kuhusu mbao na nyasi waezekaji wa Devon wangemuunga mkono. Kote nchini kumbi zikawekewa sakafu ya ghorofa katikati ya kimo chake, na watumishi wakapewa chumba chao na meza yao.

Serikali nayo ikagundua kwamba dohani huonekana kutoka barabarani. Mwaka 1662 Bunge liliweka kodi ya shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko. Nyumba kubwa zilihesabiwa meko kwa makumi, na nyumba nyingi za kijijini zilikuwa na moja tu. Maskini kabisa walisamehewa. Kodi hiyo ilichukiwa mno, kwa sababu maofisa walikuwa na haki ya kuingia ndani na kuhesabu chumba kwa chumba, na ikafutwa mwaka 1689. Kwa mtafiti, orodha za kodi ile ni hazina: zinaonyesha, kijiji kwa kijiji, nani aliota moto wake peke yake na nani bado alikuwa na moto mmoja kwa watu wote wa nyumba.