Tunauza Ufuo kwa Tipa



Ukipanda daladala inayopita barabara ya Bagamoyo hapa Dar es Salaam, utamsikia kondakta akiita: "Africana! Africana!" Kituo kipo na jina lipo, lakini Hoteli ya Africana yenyewe haipo. Ilijengwa karibu na maji kule Kunduchi, bahari ikaula ufuo, na hatimaye hoteli ikahamwa.

Wengi wetu husema bahari imechachamaa. Ni kweli, usawa wa bahari unapanda duniani kote kwa sababu ya joto. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya mkono wetu sisi wenyewe, na juu ya kitu tunachokikanyaga kila siku: mchanga.

Ufuo ni kama ghala. Mito huingiza mchanga kutoka bara wakati wa mvua, na mawimbi huugawa. Upepo wa kusi huusukuma kuelekea kaskazini, na wa kaskazi huurudisha kusini. Bahari hutoa ghalani kila siku. Mto usipoingiza, bahari haitaacha kutoa.

Sasa tazama Mto Tegeta na Mto Mbezi. Kwa miaka mingi mchanga wa mito hiyo umechotwa na kupakiwa kwenye matipa kabla haujafika baharini. Umekwenda kwenye matofali, zege na lipu za mji huu unaokua. Mimi simlaumu kijana mwenye beleshi anayetafuta chakula cha jioni. Ninalosema ni kwamba bei ya tipa moja ina jasho la mpakiaji, dizeli na faida ya mwenye gari, lakini haina bei ya ufuo. Hiyo hulipwa na mvuvi anayekosa pa kuegesha chombo, na mwenye nyumba anayeamka na kukuta uzio umeanguka usiku wa bamvua.

Je, tujenge kuta? Mwaka 2018 ukuta mpya ulikamilika kando ya barabara ya Barack Obama, na ulihitajika, maana nyuma yake ipo barabara kuu ya mji. Lakini wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga ulio miguuni pa ukuta huo. Ukuta huokoa kilicho nyuma yake; hauzai ufuo.

Zipo pia kuta fupi za mawe zinazoingia baharini, kama zile zilizojengwa na wenye hoteli huko Kunduchi. Hizo hunasa mchanga unaopita. Aliyezijenga hupata, na jirani wa upande wa pili hukosa. Naye hujenga zake, na balaa huhamia kwa wa tatu.

Kupanda mikoko ni jambo jema, ila hustawi kwenye milango ya mito na ghuba tulivu, si kwenye ufuo unaopigwa na mawimbi makubwa. Huko mlinzi wetu ni matumbawe, yanayovunja wimbi kabla halijafika. Nayo tuliyavunja kwa baruti za uvuvi.

Wapo watakaosema mto usipochimbwa utajaa na kufurika. Kuondoa mchanga ulioziba daraja ni jambo moja. Kuugeuza mto kuwa machimbo, mwaka mzima, ni jambo jingine.

Maoni yangu ni haya. Machimbo ya mchanga yatengwe bara, mbali na mito inayolisha fukwe. Anayetoa kibali cha mchanga na anayetafuta fedha za ukuta wakae pamoja, maana wanashughulikia mchanga uleule. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, isiwabane wanyonge tu.

Tusidanganyane: mchanga utapanda bei, na nyumba vilevile. Lakini hata leo si rahisi. Sehemu ya bei yake tumemtwisha mtu mwingine.

Basi ndugu msikilizaji, ukiwa unajenga, kabla hujamlipa dereva wa tipa, muulize swali moja: mchanga huu umetoka wapi?