Ummu Ayman na Yaya wa Nyumbani Mwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baad.



Tuliahidi kuendelea usiku huu na darsa ya zaka. Tumeiahirisha hadi kesho, inshallah, kwa kuwa lipo jambo lililotukaa kifuani tangu mwezi wa Shaabani, na tumeona si halali kuuacha mwezi huu ukatike bila ya kulisema.

Baada ya swala ya Ijumaa moja alitujia mwanamke wa makamo, mtu wa mwambao wetu, amewashika mikono watoto wawili wa mwajiri wake. Ni yaya katika nyumba mojawapo ya hizi nyumba kubwa za Qurum. Alikuwa na swali la fikihi. Alikuwa hajalipwa kwa miezi minne, na Ramadhani inakaribia. Alitaka kujua iwapo kumdai mwajiri ujira wake mchana wa saumu kutamharibia funga yake. Tulimjibu kwamba kudai haki hakuharibu saumu. Kisha tukaongeza neno ambalo hatukuulizwa: tukamwambia asubiri.

Mwajiri yule tunamjua. Huswali pamoja nasi. Tulikutana naye usiku uleule, tukaulizana hali, wala hatukumgusia. Tulimwonea haya mwenye deni, hatukumwonea huruma mwenye kudai. Hilo ni kosa letu, na toba yake haitimii kwa istighfari ya mdomoni peke yake. Tumeshakwenda kwake, na tunashukuru amelipa. Lakini tulipokuwa njiani kurudi tulijiuliza: ni nyumba ngapi nyingine hapa Maskati, na Dubai, na hata London, ambamo hakuna aliyekwenda kubisha hodi?

Hebu tumkumbuke Ummu Ayman. Jina lake ni Baraka, na asili yake ni Uhabeshi, upande wetu huu wa Afrika. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya Abdallah, babake Mtume, rehema na amani zimfikie. Bibi Amina alipofariki pale Abwa, njiani kutoka Madina, mtoto alikuwa na umri wa miaka sita, na aliyekuwa naye ni Baraka. Yeye ndiye aliyemrudisha Makka kwa babu yake. Fikirini safari ile: jangwa, mtoto yatima anayelia, na mwanamke asiye na ukoo wa kumtetea. Yule mtoto alipokuwa Mtume hakumsahau. Alimhesabu kuwa ni mama yake baada ya mama yake, na alikuwa akimzuru. Na Mtume alipofariki, Abu Bakr na Umar walikwenda kumtembelea kama alivyokuwa akitembelewa. Masahaba wawili wakubwa wanabisha mlango wa yaya!

Sisi tunamwita wa kwetu vipi? Wengine hawamwiti hata kwa jina. "We shaghala!" hupigwa ukelele kutoka ghorofani, na mtoto wa miaka minne anajifunza wito huohuo. Ajabu ni kwamba katika nyumba zetu nyingi huyo shaghala ndiye anayewapa watoto Kiswahili. Wajukuu husema Kiarabu na Kiingereza. Bibi aliyezaliwa Unguja hana wa kuzungumza naye lugha yake ila mwanamke wa Tanga au Mombasa aliyeko jikoni. Tunalalamika kuwa lugha inapotea, na anayeishikilia tunamlaza karibu na mashine ya kufulia.

Chanzo kimoja cha maradhi haya ni ulimi. Mtu hulipa wakala rial nyingi ili kumleta mfanyakazi, kisha husema, "Nimemnunua." Hapana, hukununua. Ulilipa gharama za wakala. Aliyekuja ni muungwana mwenye mkataba. Na tunalitumia neno kafala kana kwamba maana yake ni kummiliki mtu. Katika Qur'ani neno hilo limetumika kwa Nabii Zakariya alipopewa malezi ya Bibi Maryam. Basi kafili ni mwenye kubeba jukumu la kumtunza mwenziwe. Ukitaka kujua kama wewe ni kafili, tazama kama unamlinda au unamfungia.

Na kuhusu kufungia, tuseme wazi: pasipoti. Miaka ya nyuma sisi wenyewe tuliiweka pasi ya yaya wetu kabatini, tukidai kwamba tunamhifadhia. Siku moja akatuuliza kwa adabu, "Sheikh, na yenu nani anawahifadhia?" Hatukuwa na jibu. Tukampa.

Hukumu ya ujira haina utata. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra, mmoja kati ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake yote, asimpe ujira wake. Anayezuia mishahara "ili asitoroke" ajue kuwa ujira si kamba ya kumfungia mtu. Najua, samahani, twajua watakaosema kwamba wako mayaya wanaotoroka, na wako wanaowapiga watoto. Ni kweli wapo, nao wataulizwa juu ya amana yao. Aliyekosa ashtakiwe kwa kosa lake. Asiyekosa halipi deni la mwingine.

Tena tutazame Ramadhani yenyewe. Sisi tunarudi kazini mapema. Yeye, naye amefunga, anakanda unga wa sambusa tangu adhuhuri, anapika harisa na vitumbua, anapakua futari ya wageni kumi na watano, anaosha vyombo mpaka saa saba usiku, na saa tisa na nusu tunamwamsha atutengenezee daku. Mchana watoto hawalali, kwa hiyo naye halali. Imepokewa kwa Abu Dharr kwamba Mtume alikataza kuwabebesha watumishi wasiloliweza, na kwamba tukiwabebesha basi tuwasaidie. Tuwasaidie, yaani sisi wanaume pia tushike sufuria. Na Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi bila ya kusikia hata neno la kuguna. Sisi mwezi mmoja tu unatushinda.

Basi tunaomba haya yafanyike kabla ya Idi. Mwenye deni la mshahara alilipe pamoja na Zakatul Fitri, wala asihesabu Zakatul Fitri kuwa sehemu ya mshahara. Mwenye pasi ya mtu kabatini amrudishie usiku huu. Usiku mmoja kwa wiki watoto wabaki na baba yao, ili yaya naye aje Tarawehe. Mama zetu wametenga nafasi upande wao. Na mwenye kulemewa kikweli, hana cha kulipa, asijifiche: atuone baada ya swala, faragha, tutafute njia pamoja.

Kesho tutarudi kwenye nisabu ya dhahabu. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.