NYAMA KIDOGO, WALAJI WENGI

(Mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wanachama wenzake na wanafunzi, katika bwalo la shule, Mpanda)



Walionitangulia wamesema juu ya mabweni na vitabu. Mimi nimeombwa niseme juu ya chakula, somo ambalo hapana hata mmoja wetu aliyepata kulitoroka. Nitasema juu ya nyama ya kusaga na vyakula vya boksi nilivyovikuta Marekani, kisha nitatoa pendekezo moja juu ya jiko la shule yetu.

Wakubwa mnakumbuka jinsi nyama ilivyokuwa adimu. Sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa ya misitu na mbung'o, na ng'ombe walikuwa wachache. Reli ya kutoka Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi, ndiyo iliyotuleta shuleni. Mwenye bahati alishuka na kopo la nyama la Tanganyika Packers sandukuni. Vijana wa leo hulijua jina hilo kwa sababu ya mikutano inayofanyika katika viwanja vya Kawe, Dar es Salaam. Sisi tulilijua kwa ladha. Kiwanda kimekwisha kufungwa, lakini kopo lile ndilo lililokuwa chakula chetu cha haraka. Lilifunguliwa usiku bwenini, likakatiwa kitunguu, likaliwa na watu sita kwa kiporo cha ugali.

Hapa bwaloni nyama ilionekana mara moja kwa wiki, na siku hiyo hata wagonjwa walipona. Lakini mnakumbuka pia namna ilivyogawiwa. Sufuria lilikuwa na mapande makubwa machache na mchuzi mwingi. Mapande yalijua njia ya kwenda kwa viranja na kwa rafiki za mgawaji. Kidato cha kwanza walipata mchuzi na harufu.

Mwaka 1988 nilikwenda masomoni Minneapolis, Marekani. Tulipanga nyumba moja watu wanne: mimi, Mhaya wa Bukoba, Mjaluo wa Kisumu na Mganda mmoja. Hakuna aliyejua kupika, maana kwetu sote jiko lilikuwa la akina mama na dada. Ndipo tulipookolewa na boksi liitwalo Hamburger Helper. Ndani mlikuwa na tambi kavu na pakiti ya unga wa mchuzi. Ukanunua ratili moja ya nyama ya kusaga, yaani karibu gramu 450, ukaikaanga, ukatia maji, tambi na ule unga, na baada ya nusu saa hivi watu wanne wamekula kwa sufuria moja.

Chakula kile kilitengenezwa na kampuni ya General Mills, yenye makao yake papo hapo Minnesota, na kilienezwa Marekani yote mwaka 1971. Nyama ilikuwa ikipanda bei. Hata ilipofika mwaka 1973 akina mama wa huko waligoma kununua nyama, na Rais Nixon akaiwekea kikomo cha bei. Boksi lile liliwafaa kwa sababu liliifanya nyama kidogo itoshe nyumba nzima. Juu yake palikuwa na jina la Betty Crocker, mama ambaye hakupata kuzaliwa. Ni jina lililobuniwa na wauza unga mwaka 1921. Mwaka 2022 General Mills waliiuza biashara hiyo kwa kampuni nyingine, na maboksi bado yapo madukani.

Maoni yetu yaligawanyika. Yule wa Kisumu alikipenda, akakila kwa ugali wa unga wa mahindi. Yule wa Bukoba alisema ni chakula cha mtu aliyefiwa na mama yake. Mimi nilikiona kina chumvi nyingi, na kila boksi lilikuwa na ladha ya jana. Lakini sikukidharau. Mtu aliyetoka kazini usiku, kukiwa na theluji nje, alikula kitu cha moto, na hilo si jambo dogo.

Nilipolitazama sana boksi lile, niliona kwamba tulikuwa tukinunua tambi, chumvi na unga, vitu ambavyo hata duka la Mpanda linavyo. Kuongeza nyama ni ufundi wa mama zetu tangu zamani: nusu kilo kwa viazi, kwa maharage, kwa kisamvu cha karanga, na watu wanane wakashiba. Jambo jipya kwangu lilikuwa ile nyama kusagwa. Watu wa pwani huiita kima, nao wanajua siri yake. Nyama iliyosagwa huenea sufuria zima. Haina pande la kiranja. Kila upawa unatoka na haki yake, wa kwanza na wa mwisho.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, nimesikia kwamba wako wanachama wanaotaka mchango wetu wa mwaka huu ununue makatoni ya tambi za pakiti kwa ajili ya kidato cha nne wakati wa mitihani. Nia yao ni njema, lakini katoni huisha kwa wiki moja. Napendekeza tununue mashine ya kusagia nyama, imara, ikae jikoni. Nyama ileile ya wiki, ikisagwa na kupikwa na maharage, itamfikia kila mtoto.

Lakini tusinunue mashine bila utaratibu. Vijidudu vilivyo juu ya pande la nyama, likisagwa, huingia mpaka ndani. Mwaka 1993 huko Marekani watoto wanne walikufa na mamia ya watu wakaugua kwa nyama ya kusaga ya hotelini isiyoiva sawasawa. Hivyo isagwe na kupikwa siku ileile, iive mpaka wekundu uishe kabisa, na mashine ifunguliwe na kuoshwa kwa maji ya moto kila inapotumika.

Na ninyi vijana, msingoje kufika ughaibuni ndipo mshike mwiko. Ombeni zamu jikoni. Mvulana anayejua kukaanga kitunguu na kupika maharage hatalala njaa Mpanda, wala Dar es Salaam, wala Minneapolis, na mkewe atamshukuru.

Naomba pendekezo langu lipigiwe kura kabla hatujaenda kula.