Asiyekuwapo na Lake Lipo: Barua ya Msafiri ni Amana



Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo ina kweli yake penye ugawaji wa chakula na penye mabaraza ya ukoo. Lakini ipo kazi moja ya umma iliyojengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa na methali hiyo, nayo ni kazi ya kupokea na kutunza barua na vifurushi vya mtu aliye safarini. Katika kazi hiyo asiyekuwapo na lake lipo, na hapana budi alikute siku atakapofika. Kanuni hiyo ikivunjwa, hata posta yenye magari na ndege huwa haina faida kwa msafiri.

Ushahidi wa jambo hili hauna haja ya kutafutwa mbali. Upo Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mmishionari na msafiri Mskoti, David Livingstone, aliifanya Ujiji kuwa anwani yake. Historia ya wasafiri wa aina yake, ambao safari zao zilitangulia ukoloni, ina mengi ya kubishaniwa; hapa linatakiwa jambo moja tu, yaani habari za mizigo yake na barua zake. Aliagiza kwamba vitambaa, shanga, dawa na barua vitangulizwe Ujiji vimngojee huko. Vitambaa na shanga ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Bila hizo msafiri hakuweza kununua chakula wala kulipa wapagazi.

Alipofika Ujiji mwezi Machi mwaka 1869, alikuta sehemu kubwa ya mali yake imekwisha kuporwa. Akaagiza nyingine kutoka Unguja, kisha akaenda Manyema, magharibi ya Ziwa. Aliporudi mwezi Oktoba mwaka 1871, mgonjwa na mnyonge, alikuta mali ya pili nayo imeuzwa yote na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Kisingizio cha mtu huyo kilikuwa kwamba alifanya uaguzi, na uaguzi ukamwonyesha kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Asiyekuwapo na lake halikuwapo.

Habari za barua zake hazikuwa njema zaidi. Mfuko wa barua uliofungwa Unguja ukiwa na tarehe 1 Novemba 1870 ulikaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu, ukiwa mikononi mwa msafara ambao haukuwa na haraka ya kuondoka. Ulipoondoka ulifika Unyanyembe, karibu na Tabora, ukakwama tena, kwa kuwa vita baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimefunga njia. Mwandishi wa magazeti Henry Morton Stanley aliukuta huko, akauchukua pamoja na msafara wake, akaufikisha Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Barua zilikuwa zimemaliza mwaka mzima.

Yafaa kujiuliza ni nani aliyeharibu. Ni rahisi kulaumu umbali, pori, mvua na vita. Lakini vita havikuuweka mfuko Bagamoyo miezi mitatu, na mvua haikuuza shanga za Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakipita njia hiyo ya zaidi ya kilomita 1,000 kila mwaka wakiwa na mizigo mizito mabegani, na mizigo mingi ilifika. Barua na mali za msafiri yule hazikupotea zikiwa mabegani mwa mpagazi anayetembea. Zilipotea na kuchelewa zilipokuwa zimetua, mikononi mwa aliyepewa dhamana ya kutunza, au ya kupeleka mbele, na asiifanye.

Na kama mtu atasema kwamba watu wa zama zile hawakujua maana ya amana, atajibiwa na mfano mwingine wa safari hizo hizo. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Waafrika wakiongozwa na Chuma na Susi waliubeba mwili wake pamoja na karatasi zake kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,500, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari mwaka 1874. Wakati ule mwenye mzigo hakuwa na uwezo tena wa kuwaamuru wala kuwalipa. Walibeba kwa sababu walijua kwamba mzigo ule si wao, na kwamba upo mahali unapongojewa.

Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1874, tarehe 9 Oktoba, nchi kadhaa zilitia sahihi mkataba katika mji wa Bern, Uswisi, na kuanzisha chombo ambacho tangu mwaka 1878 huitwa Umoja wa Posta Duniani. Shabaha ya mkataba ilikuwa kuzifanya nchi zote wanachama kuwa eneo moja la posta, ili barua iliyolipiwa mahali inapotoka ipokewe, ipitishwe na kutolewa kila inakopita. Afrika nayo ina chombo chake, Umoja wa Posta Afrika, ambao ulianzishwa mwaka 1980 na makao yake makuu yapo Arusha.

Katika utaratibu huo wa dunia umo mpango maalumu kwa ajili ya mtu asiye na makao. Bahasha huandikwa jina la msafiri, kisha maneno ya Kifaransa Poste Restante, yaani barua ya kubaki posta, kisha jina la posta na mji. Barua hungojea katika posta hiyo hadi mwenyewe afike na kitambulisho chake. Muda wa kungojea huwekwa na posta ya nchi inayopokea, na kwa kawaida ni wa majuma machache tu. Ukipita, barua hurudishwa ilikotoka. Kwa hiyo mwandikaji apigiwe hesabu ya siku za safari kabla ya kutuma, naye aandike anwani yake nyuma ya bahasha. Jina nalo liwe lile lililo katika kitambulisho. Anayeandikiwa kwa jina la Mama Neema au Mwalimu Mkuu atapata taabu mbele ya karani, na karani hatakuwa na kosa. Tena si vibaya kumwomba karani atazame penye herufi ya jina la kwanza na penye herufi ya jina la ukoo pia, maana barua nyingi hudhaniwa hazijafika ilhali zimepangwa kwenye tundu jingine.

Hata hivyo, kwa mtumishi wa Tanzania posta mara nyingi si mwisho wa safari ya barua. Tangu siku za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililokoma pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977, hadi Shirika la Posta Tanzania lililoanza kazi mwaka 1994, barua za watu wengi zimekuwa zikipelekwa kwenye sanduku la posta, na sanduku hilo aghalabu ni la shule, hospitali, misheni au ofisi ya halmashauri. Tarishi hulifungua, hutia barua katika mkoba, huzipeleka masijala au mezani kwa mkuu wa shule. Hapo ndipo Ujiji ya leo ilipo. Mwenye ufunguo wa sanduku na mwenye meza ile ni posta ya mwisho, ajue asijue.

Tuseme mwalimu amehamishwa kutoka Kasulu kwenda Newala. Amefunga vitu vyake, amekabidhi vitabu na chaki, ameondoka. Juma la tatu baada ya kuondoka kwake inafika barua iliyosajiliwa yenye cheti chake halisi alichokuwa amekipeleka kuhakikiwa. Karani anatazama jina na kusema, huyu hayupo. Barua inawekwa dirishani. Baada ya mwezi inahamishiwa kabatini. Baada ya mwaka anakuja mkuu mpya wa shule, anasafisha kabati. Mwalimu kule Newala anaandika barua tatu za kuulizia, anaonekana mzembe asiyetunza nyaraka zake, na siku ya kustaafu inamkuta bila karatasi inayotakiwa. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Limetamkwa neno moja tu, hayupo, na kazi ikaishia hapo.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi habari huenda kwa simu na barua nyingi za ofisi hupita katika mtandao. Ni kweli, na ni maendeleo ya kufurahia. Lakini cheti halisi hakipiti katika simu, wala kitabu, dawa, miwani, au sare ya mtoto. Vitu hivyo bado husafiri kwa posta au kwa basi. Kifurushi cha basi huandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji, na hutolewa stendi. Endapo mpokeaji yupo kijijini kusiko na mawasiliano, kifurushi nacho hungojea, na usalama wake unategemea kama aliyekipokea ameandika katika daftari au amekisukuma tu chini ya meza. Chombo kimebadilika, amana haikubadilika.

Tena mwaka 2022 Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina, na kila eneo likatambulishwa kwa postikodi ya tarakimu tano. Hilo limerahisisha kupata nyumba. Lakini namba hubaki ukutani mtu anapohama. Nyumba haiwezi kumfuata mtumishi. Anayeweza kumfuata ni mtumishi mwenzake anayefuta anwani ya zamani na kuandika mpya.

Kwa hiyo yako mambo ambayo kila upande unapaswa kuyatimiza. Anayehama aache anwani mpya kwa maandishi, si kwa kumwambia mwenzake njiani. Awaarifu wanaomwandikia kabla ya kuondoka. Na arudi kuuliza, kwa kuwa asiyeuliza humpa mzembe kisingizio. Ofisi nayo iingize anwani za wahamiaji katika hati ya makabidhiano, pamoja na funguo na majalada. Kila barua ya mtu asiyekuwapo iandikwe katika daftari tarehe iliyofika na tarehe iliyopelekwa mbele. Isiyojulikana pa kwenda irudishwe posta mapema, ili imrudie aliyeituma. Na isifunguliwe. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake ya binafsi, na hifadhi hiyo haikomi kwa kuwa mtu amepanda basi.

Kazi hizi hazidai bajeti, semina wala mashine. Zadai kalamu, daftari la shilingi chache, na dakika tano za mtu anayekumbuka kwamba kesho naye atapewa uhamisho, na barua zake zitabaki nyuma mikononi mwa mwingine.

Wahenga walisema pia, kawia ufike. Barua ya mwaka mzima ya Ujiji ilikawia, lakini hatimaye ilifika, kwa sababu alipatikana aliyeichukua na kuipeleka mbele. Katika kila kabati la shule na kila masijala ya wilaya huenda ikawamo bahasha moja inayomngojea mtu wa namna hiyo. Kabati lifunguliwe leo, na jina lililo juu ya bahasha lisomwe.