Vidonge vya Kutafutia Pacha

Ndugu msikilizaji, wapo akina mama ambao wamekwisha kuzaa na hawana tatizo lolote la uzazi, lakini huingia duka la dawa kununua klomifeni ili wapate pacha. Juma hili nawaambia: jamani, taratibu!

Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1967 kwa ajili ya wanawake ambao mayai yao hayapevuki. Kazi yake ni kuiamsha ovari. Mara nyingine huiamsha kupita kiasi, yakapevuka mayai mawili au zaidi kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo pacha hutokea. Hata hivyo, kati ya kila mimba 100 zinazopatikana kwa vidonge hivi, za pacha ni 7 au 8 tu. Sindano za homoni ni kali zaidi: mimba za watoto wengi zaweza kufikia 30 katika 100.

Na pacha wana gharama yake. Zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37. Mama naye huwa katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu na ya kutokwa na damu nyingi anapojifungua.

Utaniambia, mbona muuzaji hakudai karatasi ya daktari? Ndugu yangu, kuuziwa siyo kuandikiwa.

Anayehangaika kupata mtoto aende hospitali pamoja na mumewe, wapimwe wote wawili. Anayetaka pacha kwa fahari tu, aviache vidonge dukani, vimfae mwenye shida.