Mvuke Upashao Nyumba Joto



Mwezi wa Juni na Julai, ukungu ufunikapo uwanda wa Makonde, sisi hujifunika shuka na kuota moto jikoni. Jua likipanda tumekwisha kuisahau baridi. Lakini wako watoto wetu waliokwenda kusoma katika nchi ambazo maji hugeuka kuwa barafu nje ya mlango. Mmoja wao, kijana wa Newala niliyemfundisha zamani, alipanga chumba katika mji wa New York, katika nyumba kuukuu ya mzee mmoja. Akaniandikia: "Mwalimu, usiku mabomba ya nyumba hii hugonga kana kwamba mhunzi yumo ndani, na chuma cha kupashia joto chumbani mwangu ni baridi. Nifanyeje?" Jibu nililompa ndilo nitakalowaeleza leo, maana elimu yake imo katika chungu cha kila jiko.

Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi kubwa kuliko maji, yapata mara 1,600. Kwa hiyo hukimbilia penye nafasi. Chini ya nyumba ile kuna tangi la chuma lenye moto. Mvuke hupanda kwa bomba, ukaingia katika chuma chenye mbavu kilichomo katika kila chumba, nasi tukiite rejeta, kwa kuwa chafanana na ile ya motokaa. Humo mvuke huacha joto lake, hurudi kuwa maji, na maji hushuka kwa bomba lile lile hata tangini. Matone yaliyo chini ya kifuniko cha sufuria yamepatikana kwa njia iyo hiyo.

Basi na tuutafute ugonjwa. Kwanza, kule kugonga. Maji yakikosa njia ya kurudi hutuama. Mvuke ujao kwa kasi huyasukuma na kuyabamiza penye kona ya bomba. Weka pimamaji ya mwashi juu ya rejeta: yapasa iinamie kidogo upande wa bomba. Ikiwa imeinamia upande wa pili, kipande chembamba cha ubao chini ya miguu ya upande huo chatosha. Tena vali yake ifunguliwe yote au ifungwe yote. Kijana wetu alikuwa ameifungua nusu ili kelele ipungue, kumbe ameizidisha, kwa sababu mvuke upandao na maji yashukayo vilipigania mlango mmoja mwembamba.

Pili, ile baridi. Kabla ya mvuke kufika, rejeta imejaa hewa. Hewa hiyo hutoka kwa kidude cha kupumulia kilicho ubavuni, nacho hujifunga chenyewe mvuke ukifika. Kikizibwa na kutu au rangi, hewa haina pa kutokea, wala mvuke hauna pa kuingilia. Kibadilishwe, moto ukiwa umezimwa na chuma kimepoa.

Tatu, hatari yenyewe. Kando ya tangi kuna kioo kionyeshacho maji, nayo yaonekane yapata nusu. Siku moja yule mzee alikuwa mgonjwa. Kijana akashuka, akakuta kioo ni kitupu na moto unawaka. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya vali ya maji baridi. Ndipo alipolikumbuka onyo la barua yangu, na chungu cha bibi yake: kikikaukia motoni, ukikimwagia maji baridi hupasuka. Chungu kikipasuka twakosa mboga. Tangi likipasuka, watu hufa. Akauzima moto, akaliacha tangi lipoe kabisa, akamwita fundi. Fundi akaona bomba la chini linavuja; akalitengeneza, na nyumba ikapata joto tena.

Wasikilizaji wangu, sisi ambao mama zetu walipanda kutoka mabondeni na mitungi kichwani twajua thamani ya maji. Mtoto wako akienda ugenini, mwambie ayatazame maji kwanza, ndipo auchochee moto. Kwaherini.