Usiitupe Televisheni Yako
Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam. Walikuwapo waliowaambia wazee wetu wanunue televisheni mpya. Haikuwa kweli, na ilikuwa dhuluma. Hata televisheni ya kichogo inahitaji king'amuzi tu. Waya wa antena uchomeke kwenye king'amuzi. Kisha nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, uziunganishe na televisheni, kila moja kwenye tundu la rangi yake. Bonyeza AV kwenye rimoti ya televisheni, halafu kiache king'amuzi kitafute chaneli. Picha ikikatika vipande vipande, geuza antena taratibu. Unaponunua king'amuzi, dai risiti na waranti.